Kinu na Punda Havipimwi kwa Kipimo Kimoja

Kuna kosa moja nililolitenda mwaka 1993 ambalo, ingawa hakuna mkaguzi wa shule aliyepata kulijua, limekataa katakata kunitoka moyoni. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana wilayani Kitui, kijana mwenye chaki mkononi na majivuno kifuani, niliyeamini kwamba kalamu ya wino mwekundu haikosei. Siku moja niliwatungia wanafunzi wangu swali hili: jokofu huondoa jouli 320 za joto kutoka ndani yake kwa kutumia jouli 100 za umeme, tafuta ufanisi wake.

Wengi waligawanya 100 kwa 320 wakapata asilimia 31, nami nikawapa alama zote, kwa maana jibu lilikuwa chini ya 100 na kwa hiyo lilikuwa na sura ya ukweli. Msichana mmoja, mpole asiyezoea kuinua mkono darasani, aligawanya 320 kwa 100 akaandika 3.2. Nililikata jibu lake kwa mstari mwekundu. Kana kwamba hilo halikutosha, nililisoma mbele ya darasa na kuuliza kwa kejeli kama mwenzao amevumbua mashine ya kuumba nishati ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe hakuijua. Darasa likaangua kicheko. Muhula ulipokwisha na wakati wa kuchagua masomo ukafika, msichana yule aliiacha fizikia.

Miezi michache baadaye, nikipekua kitabu kimoja cha chuo kikuu kwa shughuli nyingine kabisa, nilikumbana na ukurasa uliozungumzia majokofu. Jibu lilikuwa 3.2. Aliyekosa hakuwa mwanafunzi bali mwalimu, na kosa lilianza katika swali lenyewe.

Msomaji mpendwa, huenda ukaona kwamba ninakuza jambo dogo. Subiri kidogo. Jambo hili la nambari moja kuzidi 100 na nyingine kukatazwa kuzidi 100 limewapotosha watu wengi zaidi ya mwalimu mmoja wa Kitui, na lina gharama yake zahanati, shambani na hata jikoni.

Tuanze na kinu cha kusaga unga, kile kinachounguruma katika kila soko la Ukambani. Mama hupeleka debe la mahindi akarudi na unga. Kinu kizuri humrudishia karibu uzani wote wa mahindi yake. Kinu kibovu humwaga unga njiani na kumwachia pungufu. Lakini hakuna kinu, hata kiwe cha mfalme, kitakachopokea kilo 10 za mahindi kikatoa kilo 32 za unga. Unga ni mahindi yale yale yaliyogeuzwa sura. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mashine inayogeuza nishati ya aina moja kuwa ya aina nyingine: injini ya lori inayogeuza dizeli kuwa mwendo, jiko linalogeuza kuni kuwa joto la sufuria, taa inayogeuza umeme kuwa mwanga. Kipimo cha kazi hiyo ndicho tunachokiita ufanisi: tulichopata, tukakigawanya kwa tulichotia. Ufanisi hauwezi kupita asilimia 100, kwa sababu nishati haiumbwi.

Sasa mtazame punda. Kila asubuhi katika nchi ya Kitui na Makueni utamwona akipanda kutoka mtoni na mitungi minne ya lita 20, yaani lita 80 za maji. Punda yule amekula majani kidogo na pumba kidogo. Je, kuna mtu timamu atakayeuliza jinsi kilo chache za majani zilivyogeuka kuwa kilo 80 za maji? La hasha. Majani hayakugeuka kuwa maji. Maji yalikuwepo mtoni. Punda aliyahamisha tu, na majani yalikuwa ujira wake wa kuhamisha.

Jokofu ni punda, si kinu. Halitengenezi baridi, kwa maana baridi si kitu kinachotengenezwa. Ni upungufu wa joto. Jokofu huchukua joto lililomo ndani ya maziwa na nyama, likalipandisha mlima kutoka mahali penye ubaridi hadi mahali penye joto, likalitupa nje kwa nyuma. Umeme ni ujira wa upagazi huo. Kwa mfano wa swali langu, jouli 320 zimetoka ndani, jouli 100 zimelipwa, na jouli 420 zimetupwa chumbani. Peleka kiganja chako nyuma ya jokofu linalofanya kazi nawe utazihisi. Hakuna jouli hata moja iliyoumbwa wala iliyopotea, na sheria ya kuhifadhika kwa nishati imekaa pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana mtu anayeacha mlango wa jokofu wazi akitumaini kupoza nyumba hujidanganya: kila jouli inayotolewa ndani hurudi chumbani kwa nyuma, na umeme uliolipwa huongezeka juu yake.

Kipimo cha punda huyu wataalamu hawakiiti ufanisi. Mimi hukiita uwiano wa utendaji: joto lililohamishwa, likagawanywa kwa kazi iliyolipwa. Nambari hii inaruhusiwa kuwa 2, au 3, au 5, bila kuvunja sheria yoyote ya maumbile. Kosa langu mwaka 1993 lilikuwa kumpima punda kwa kipimo cha kinu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba punda hana mpaka. Mwaka 1824 mhandisi kijana wa Kifaransa, Sadi Carnot, alichapisha kitabu kidogo ambacho wenzake hawakukijali sana wakati huo. Alionyesha kwamba injini ya joto haiwezi kugeuza joto lote kuwa kazi hata ikiundwa na malaika. Sehemu fulani ni lazima itupwe mahali penye ubaridi, na ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea tofauti ya halijoto. Chukua mvuke wa nyuzi 180 za Selsiasi na mahali pa kutupia joto penye nyuzi 40. Kwa vipimo vya Kelvini ni 453 na 313. Kiwango cha juu kabisa kinachowezekana ni karibu asilimia 31, na mashine halisi hupata pungufu ya hapo.

Wazee wa Makindu na Kibwezi waliliona jambo hili kwa macho yao bila kulijua jina. Garimoshi za mvuke zilizopita hapo kati ya Mombasa na Nairobi zilikuwa na nguvu za kutisha, lakini injini za namna ile aghalabu hazikugeuza hata sehemu 10 katika 100 za joto la moto wao kuwa mwendo. Zilizobaki zilipaa angani pamoja na moshi na mvuke. Mojawapo ya majitu hayo, lililopewa jina la Mlima Gelai, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli jijini Nairobi. Kwa upande mwingine, mitambo ya bwawa la Kiambere katika mto Tana, mpakani mwa Kitui, hugeuza karibu sehemu 90 katika 100 za nguvu ya maji yanayoporomoka kuwa umeme. Si kwamba wahandisi wa Kiambere walikuwa na akili kuliko wa reli. Maji yanayoanguka si joto, na sheria ya Carnot haiyahusu.

Kwa jokofu, sheria ile ile hugeuka na kuwa ya mwinuko wa mlima. Tuseme ndani tunataka nyuzi 5, na nje kuna nyuzi 35, kama mchana mkali wa Kibwezi. Kiwango cha juu cha uwiano wa utendaji ni 278 kwa 30, yaani karibu 9.3. Lihamishie jokofu hilo hilo katika vilima vya Mbooni siku yenye nyuzi 20, na kiwango hicho hupanda hadi 18.5. Jokofu halisi hupata sehemu ndogo tu ya nambari hizi, lakini funzo halibadiliki: kadiri mlima wa halijoto unavyokuwa mrefu ndivyo punda anavyobeba kidogo. Anayeliweka jokofu lake juani, au akalibana ukutani lisipate hewa, amempandishia punda wake mlima kwa hiari yake mwenyewe.

Ungalidhani kwamba baada ya kuyajua haya nilikuwa nimepona. Elimu nusu, ndugu yangu, ina madhara yake.

Mwaka 1996 nilikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati moja mbali na barabara ya lami, huko huko Kitui. Umeme haukuwa umefika. Chanjo za watoto zilihifadhiwa katika jokofu la mafuta ya taa, lenye utambi na mwali wa samawati chini yake. Jokofu la namna hii halina kikandamizi. Moto wenyewe ndio unaosukuma mzunguko wa amonia, maji na hidrojeni, kwa ubunifu wa wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliouvumbua mwaka 1922. Halina sehemu inayozunguka, halipigi kelele, na huweza kukaa vijijini miaka mingi iwapo utambi wake utasafishwa.

Mfanyabiashara mmoja alitujia na pendekezo: jokofu la umeme pamoja na jenereta ndogo ya dizeli. Alituonyesha karatasi mbili. Ya jokofu la mafuta ya taa ilisema uwiano wa utendaji 0.2; ya jokofu lake ilisema 3. Kamati ikanigeukia mimi, mwalimu wa fizikia. "Mwalimu, wewe ndiwe unayejua mambo haya," alisema mwenyekiti wetu, mzee wa makamo aliyeniheshimu kuliko nilivyostahili. Nikagawanya 3 kwa 0.2 nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu: "Mzee, hili jipya ni bora mara 15."

Nambari zote mbili zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika kuzilinganisha. Ile 0.2 ilihesabiwa kuanzia kwenye mafuta, yaani joto la moto. Ile 3 ilihesabiwa kuanzia kwenye umeme. Lakini umeme wetu ungetoka wapi? Ungetoka katika jenereta, ambayo ni kinu, na kinu kidogo kinachobebeshwa mzigo mdogo husaga vibaya. Tuseme katika kila vizio 100 vya nishati ya dizeli, jenereta ilitoa vizio 20 vya umeme. Zidisha kwa 3, upate vizio 60 vya joto lililoondolewa. Jokofu la mafuta ya taa, kwa vizio 100 vya mafuta yake, liliondoa vizio 20. Ubora wa kweli ulikuwa mara 3, si mara 15, na mara 3 hizo zilidai dizeli isiyokatika, jenereta isiyoharibika, na mtu wa kuiwasha usiku na mchana.

Mvua za vuli zilipofunga barabara mwaka huo, dizeli ilikwisha. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi alipofungua jokofu na kukitazama kipimajoto, alitikisa kichwa. Chanjo zilitupwa, na akina mama waliokuwa wametembea saa nyingi na watoto mgongoni waliambiwa warudi siku nyingine. Nilisimama uani nikiwatazama wakienda zao kimyakimya. Hakuna aliyenilaumu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kosa la hesabu si lazima likae ndani ya daftari.

Tangu siku ile nimejiwekea maswali matatu kabla ya kuikubali nambari yoyote ya mashine. Kwanza, tunatafuta nini? Pili, tunalipa nini? Tatu, hesabu imeanzia wapi na imeishia wapi? Nambari isiyojibu maswali haya ni kama kibao cha njia kilichong'olewa na kulazwa chini: maandishi yapo, mwelekeo haupo.

Tuyajaribu maswali hayo kwa makaa ya Kitui, ambayo kwa miaka mingi yamebebwa kwa malori kwenda mijini. Jiko la bati lenye ukuta wa udongo ndani, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, ni fahari yetu halali. Hufikisha kwenye sufuria takriban sehemu 30 katika 100 za joto la makaa, ilhali mafiga matatu hufikisha kati ya 10 na 15 za joto la kuni. Hapo wengi huweka kalamu chini na kutangaza ushindi. Lakini hesabu imeanzia wapi? Makaa hayaoti mtini. Tanuri la udongo la mchoma makaa hutoa, tuseme, kilo 15 za makaa kwa kilo 100 za kuni kavu. Hata tukikumbuka kwamba kilo ya makaa ina nishati karibu maradufu ya kilo ya kuni, tanuri limeturudishia kiasi cha sehemu 28 tu katika 100. Zidisha na 30 ya jiko, upate kama sehemu 8 katika 100, pungufu ya mafiga matatu yaliyodharauliwa. Jiko ni zuri. Ubaya umejificha katika hatua ambayo mpishi wa mjini haioni. Serikali ya kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa mwaka 2018, mabishano yalikuwa makali. Ni wachache waliojadili tanuri, ilhali ndimo nishati nyingi inamopotelea.

Kinyume chake pia hutokea. Nimesikia watu wakidharau paneli za jua kwa kuwa ufanisi wake ni asilimia 20 hivi. Ni kweli, lakini uliza swali la pili: tunalipa nini? Jua la Mutomo halina risiti. Asilimia 20 ya kitu cha bure hutulazimu kununua paneli pana zaidi, basi. Hivi leo yapo majokofu ya chanjo yanayoendeshwa moja kwa moja na jua, yenye barafu inayotunza ubaridi usiku. Laiti yangalikuwepo mwaka 1996.

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Makueni, ambako nimestaafu. Huku jambo la kuhifadhi ni maembe. Msimu unapofika, kuanzia mwishoni mwa mwaka, huiva yote kwa pamoja, bei ikaporomoka, na mengine yakaozea chini ya miembe. Kiwanda cha kaunti kilichofunguliwa Kalamba mwaka 2017 kimesaidia kusindika sehemu ya mavuno, lakini mkulima bado anahitaji mahali pa kuyaweka maembe yake siku chache akisubiri mnunuzi.

Kikundi cha wanawake wa kijijini kwetu kiliniomba ushauri juu ya chumba cha makaa. Ujenzi wake ni rahisi: kuta za wavu maradufu, katikati yake hujazwa makaa, na makaa huloweshwa maji. Upepo mkavu ukipita, maji huvukiza na kuondoka na joto. Lita moja ya maji ikivukiza huchukua takriban jouli milioni 2.4, kiasi ambacho, lau hakuna kingepotea, kingepunguza nyuzi 10 katika kilo 60 za maembe. Embe nalo halitaki baridi kali. Nyuzi 13 humtosha, na chini ya 10 huumia. Umeme hautumiki kabisa. Ukigawanya joto lililoondolewa kwa umeme uliolipwa, unagawanya kwa sifuri, na uwiano wa utendaji unakuwa hauna kikomo!

Mara hii sikushangilia. Niliuliza, "Mama, maji ya kulowesha yatatoka wapi?"

Mwenyekiti wa kikundi alicheka. "Mwalimu, hilo ndilo tulilotaka utuulize. Yule kijana aliyetuletea ramani alisema ni bure."

Katika Makueni maji si bure. Maji ni saa tatu za mama na punda wake, ni mtoto aliyechelewa shuleni. Basi tulikaa chini ya mwembe tukahesabu, si kwa jouli, bali kwa mitungi. Tukaona kwamba maembe huanza kuiva mvua za vuli zikiwa ndipo zinamalizika, na kwamba paa la ghala lao lingeweza kujaza tangi kabla ya msimu. Wakajenga tangi kwanza, chumba baadaye. Bado kinatumika.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatutaka tumfundishe mwanafunzi kutenda, si kukariri. Hapa pana somo lisilohitaji maabara: jokofu la duka la jirani, jiko la nyumbani, punda wa njiani. Mwacheni mwanafunzi aulize tunatafuta nini na tunalipa nini kabla ya kushika kikokotoo. Nawe mwanafunzi, jibu lako likipata nambari ya ajabu, usilifute upesi kwa kuogopa kuchekwa. Chunguza kwanza kama swali lenyewe limesimama sawasawa.

Msichana yule wa mwaka 1993 sijamwona tena. Sasa ni mtu mzima, na pengine ana watoto wanaosoma ukurasa huu shuleni. Ikiwa utakufikia, dada yangu, pokea masahihisho yaliyochelewa. Jibu lako lilikuwa 3.2, na lilikuwa sahihi. Alama zako zote ninakurudishia, na mstari mwekundu ninauhamishia kwenye swali langu.